Upasuaji wa vali za moyo kwa mara ya pili: kwa nini ni mgumu zaidi, na nini huupunguzia hatari

Tuchukue mfano wa msichana wa kijijini aliyebadilishiwa vali ya moyo akiwa na miaka 16. Kabla ya hapo alikuwa hawezi kupanda kilima cha kwenda shule bila kusimama njiani mara tatu. Baada ya upasuaji akapata nafuu, akarudi darasani, baadaye akaolewa na kuzaa watoto wawili. Miaka 12 imepita. Sasa ndoo ya maji imeanza tena kuwa nzito, usiku anaegemea mito mitatu ndipo apate usingizi, na daktari wa kliniki amemwambia: "Vali tuliyokuwekea imechoka. Itabidi tukufungue tena."

Nyumbani wanakaa kikao. Mjomba anasema kifua hakifunguliwi mara mbili. Mama mkwe anataka wajaribu kwanza dawa za miti shamba. Mume ana swali moja tu: akifunguliwa tena, atatoka salama?

Makala haya yanajibu swali hilo. Jibu kwa ufupi ni hili: upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza na hatari yake ni kubwa zaidi. Hata hivyo, wagonjwa walio wengi wanaofanyiwa mapema, kwa mpango, kwenye hospitali yenye uzoefu, hutoka salama. Hatari hupanda sana pale mgonjwa anapofikishwa akiwa amezidiwa. Hilo ndilo jambo ambalo mgonjwa na familia yake wanaweza kulizuia.

Vali za moyo ni nini?

Moyo ni pampu yenye ukubwa wa ngumi ya mtu. Ndani yake kuna vali 4, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango hujifunga ili damu isirudi nyuma. Milango hii hufunguka na kufunga takriban mara 100,000 kwa siku.

Vali huharibika kwa njia mbili. Inaweza kubana, damu ikapita kwa shida, au inaweza kuvuja, damu ikarudi ilikotoka. Wengine huwa na matatizo yote mawili kwenye vali moja. Moyo hulazimika kufanya kazi zaidi, hutanuka, na mwishowe huchoka. Hapo ndipo pumzi hukata, miguu huvimba na tumbo hujaa maji.

Katika nchi zetu, chanzo kikubwa cha vali kuharibika kwa watoto na vijana ni homa ya rumatiki. Huanza na maambukizi ya koo, yale ambayo wengi huyaita mafindofindo, yanayosababishwa na bakteria. Yasipotibiwa, kinga ya mwili wa baadhi ya watoto hugeuka na kushambulia viungo na vali za moyo. Mtoto anaweza kuumwa magoti na viwiko kwa wiki chache, akapona, na miaka mingi baadaye ikagundulika kwamba moyo umeharibika. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wapatao milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa huu, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Upasuaji wa kwanza hufanya nini?

Upasuaji wa kufungua moyo uliwezekana baada ya kupatikana mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda. Daktari John Gibbon wa Marekani aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Mwaka 1960, Daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards, nao wa Marekani, walifanikiwa kumwekea mgonjwa vali ya bandia waliyoibuni.

Leo daktari bingwa ana njia tatu kuu.

Ya kwanza ni kuikarabati vali ya mgonjwa mwenyewe. Hii ni njia nzuri inapowezekana, lakini vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki mara nyingi imekakamaa, na baada ya ukarabati inaweza kuharibika tena.

Ya pili ni kuweka vali ya chuma. Wengi huiita hivyo, ingawa nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa kaboni ngumu pamoja na chuma. Vali hii hudumu miaka mingi sana na inaweza kumtosha mtu maisha yake yote. Shida yake ni kwamba damu hupenda kuganda juu yake. Kwa hiyo mgonjwa lazima anywe dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, kila siku kwa maisha yake yote, na kupima damu mara kwa mara.

Ya tatu ni vali ya nyama, yaani iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au nguruwe. Kwa kawaida mwenye vali hii hahitaji warfarini maisha yote, kama hana sababu nyingine ya kuitumia. Ndiyo maana mara nyingi hufikiriwa kwa msichana anayetaka kuzaa, au kwa mtu anayeishi mbali na kituo cha kupima damu. Lakini vali ya nyama huchakaa. Kwa mtu mzima inaweza kudumu miaka 10 hadi 15 au zaidi, na kwa mtoto au kijana huchakaa haraka zaidi. Mwislamu au mtu mwingine asiyependa tishu ya nguruwe amwambie daktari mapema, kwa sababu zipo vali za ng'ombe. Ni vizuri pia kuzungumza na kiongozi wake wa dini kabla ya siku ya upasuaji, si asubuhi ile ile.

Kwa nini mtu hufunguliwa tena?

Familia nyingi huona upasuaji wa pili kama ishara kwamba wa kwanza uliharibika. Mara nyingi si hivyo. Sababu za kawaida ni hizi:

1. Vali ya nyama imefika mwisho wa maisha yake. Hili linajulikana tangu siku inapowekwa.

2. Vali iliyokarabatiwa imebana au imevuja tena.

3. Damu imeganda kwenye vali ya chuma, hasa pale warfarini ilipokatizwa au haikutosha. Wakati mwingine pia kovu huota polepole na kuizuia vali isifunguke vizuri.

4. Vijidudu vimeingia kwenye damu na kuishambulia vali. Vingi hutoka mdomoni kwenye meno yaliyooza, kwenye ngozi, au kwenye jipu.

5. Nyuzi zilizoshikilia vali zimeachia sehemu fulani, damu ikawa inavuja pembeni.

6. Vali nyingine, ambayo haikuguswa mara ya kwanza, nayo imeharibika.

7. Mgonjwa aliwekewa vali akiwa mtoto. Mwili umekua lakini vali imebaki ndogo.

Kwa nini wa pili ni mgumu?

Aliyewahi kuchubuka goti anajua kovu lilivyo: ngozi mpya hukaza na kushikana na kilicho chini yake. Ndani ya kifua ni vivyo hivyo. Katika upasuaji wa kwanza, mfupa wa kati wa kifua hukatwa kutoka juu hadi chini, kazi hufanyika, kisha mfupa hufungwa kwa nyaya za chuma. Ukishapona, makovu huota. Moyo, ambao mwanzoni ulikuwa huru ndani ya mfuko wake, unaweza kugandamana na mfupa wa kifua, na mapafu nayo yakashikana na kuta.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya upasuaji wa pili, yaani kuufungua tu mfupa, tayari ina hatari. Chini yake panaweza kuwa na ukuta wa moyo au mshipa mkubwa wa damu, umeshikana nao kama karatasi na gundi. Msumeno ukipita sana, damu nyingi inaweza kutoka kwa muda mfupi.

Baada ya hapo daktari huyatenganisha makovu kidogo kidogo ili aufikie moyo. Kisha huitoa vali ya zamani bila kuharibu nyama iliyoizunguka, na kushona mpya pahali palipokwisha kushonwa. Ndiyo maana upasuaji huu huchukua muda mrefu zaidi, mgonjwa hukaa zaidi kwenye mashine, na damu ya kuongezewa huhitajika zaidi.

Mgonjwa mwenyewe naye amebadilika tangu mara ya kwanza. Amezeeka kidogo. Moyo wake umefanya kazi kwa shida kwa miaka, na pengine figo, ini au mapafu yameathirika. Mara nyingi hali hii ya mwili ndiyo inayoamua matokeo, hata kuliko makovu yenyewe.

Hatari ni kubwa kiasi gani?

Hakuna namba moja inayomfaa kila mtu. Daktari anayekujua ndiye atakayekupa makadirio yako. Lakini ripoti za hospitali zenye uzoefu Ulaya na Marekani Kaskazini zinatupa picha ya jumla.

Kwa upasuaji wa kwanza wa vali moja, uliopangwa, takriban wagonjwa 1 hadi 4 kati ya 100 hufariki wakati wa upasuaji au katika wiki chache zinazofuata.

Kwa upasuaji wa marudio uliopangwa, wakati mgonjwa bado ana nguvu, idadi hiyo huwa takriban 3 hadi 8 kati ya 100. Maana yake ni kwamba katika kila wagonjwa 100, zaidi ya 90 hurudi nyumbani.

Kwa mgonjwa anayefikishwa kwa dharura, iwe vali imeziba kwa damu iliyoganda, ina vijidudu, au shinikizo la damu limeshuka na figo zimeanza kugoma, hatari hupanda hadi 15, 20 au zaidi kati ya 100.

Linganisha kundi la pili na la tatu. Aina ya upasuaji ni ile ile. Tofauti kubwa ni hali aliyofika nayo mgonjwa.

Kuna na ulinganisho mwingine ambao vikao vya familia husahau. Kutokufanya upasuaji nako kuna hatari yake. Kwa mfano, vali ya mshipa mkuu wa damu, aota, ikibana sana na mgonjwa akaanza kuzimia, kubanwa na kifua au kukosa pumzi, takriban nusu ya wasiotibiwa hufariki ndani ya miaka 2 hivi. Kwa hiyo mume yule ana maswali mawili ya kumpelekea daktari: akifunguliwa hatari ni kiasi gani, na asipofunguliwa je?

Mbali na kifo, upasuaji wa pili unaweza kuleta damu kuvuja hadi mgonjwa arudishwe chumba cha upasuaji, kiharusi, figo kushindwa kwa muda, maambukizi ya kidonda, au mapigo ya moyo kwenda ovyo. Baadhi huhitaji kuwekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Mengi ya haya hutibika, lakini hurefusha siku za kulazwa na kuongeza gharama. Ni haki ya mgonjwa kuelezwa yote kabla ya kutia saini.

Madaktari hufanya nini kupunguza hatari?

Kazi kubwa hufanyika kabla ya kisu kugusa ngozi.

Kwanza hufanyika kipimo cha eko, kile cha kupaka mafuta kifuani na kuutazama moyo kwenye skrini. Huonyesha vali ipi ina shida na moyo una nguvu kiasi gani. Kisha hufanyika picha ya kifua ya CT, inayoonyesha umbali kati ya mfupa na moyo. Daktari akiona vimeshikana, anajua asipite wapi.

Kama moyo umegusana na mfupa, timu inaweza kuweka mirija ya mashine ya moyo na mapafu kwenye mishipa ya kinena au ya karibu na bega kabla ya kufungua kifua. Damu ikivuja ghafla, mashine iko tayari kuchukua kazi ya moyo. Hutumika pia msumeno mdogo unaotikisika, ambao hukata mfupa bila kuchana kwa urahisi nyama iliyo chini. Vibandiko vya kushtua moyo kwa umeme huwekwa mgongoni na ubavuni tangu mwanzo, kwa kuwa vile vya kawaida vya ndani ya kifua haviwezi kutumika mpaka makovu yaachanishwe.

Damu huandaliwa ya kutosha. Hapa ndugu wana kazi: hospitali ikiomba wachangiaji damu, wajitokeze mapema. Upasuaji unaweza kuahirishwa kwa kukosa chupa za damu.

Meno hukaguliwa na yaliyooza kutibiwa kabla, ili vijidudu visiifuate vali mpya. Upungufu wa damu, kisukari na shinikizo la damu hurekebishwa. Anayetumia warfarini hupewa maelekezo ya siku ya kuisimamisha na kama atachomwa sindano nyingine badala yake. Usiisimamishe mwenyewe eti kwa sababu tarehe ya upasuaji imekaribia.

Je, lazima kifua kifunguliwe?

Si kila mara. Mwaka 2002, Daktari Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alimwekea mgonjwa vali ya aota kwa kuipitisha kwenye mshipa wa damu wa paja, ikiwa imekunjwa ndani ya mrija mwembamba. Baadaye madaktari walianza kutumia njia ya namna hiyo kuweka vali mpya ndani ya vali ya nyama iliyochakaa, bila kukata mfupa wa kifua.

Njia hii imewasaidia hasa wazee na watu ambao kuwafungua tena ni hatari mno. Lakini ina mipaka. Haifai kwa aliye na vali ya chuma, kwa sababu vali hiyo haiwezi kutanuliwa ili nyingine ikae ndani yake. Haifai kwa kawaida kama vali ina vijidudu. Vali ya zamani ikiwa ndogo, mpya itakayokaa ndani yake itabana zaidi. Bei yake ni kubwa, na haijaenea katika Afrika Mashariki. Hata hivyo muulize daktari wako kama inakufaa. Swali halina gharama.

Dalili ambazo hazisubiri kliniki ijayo

Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa vali, nenda hospitali mapema ukiona mojawapo ya haya:

- Pumzi inakata kwa kazi uliyokuwa ukiifanya bila shida, au unahitaji mito mingi zaidi kulala.

- Miguu au tumbo vinavimba, au uzito umeongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3.

- Una vali ya chuma na ule mlio wake wa "tik tik" uliozoea kuusikia umefifia au umenyamaza. Hii ni dharura, hasa kama pumzi nayo inakata. Nenda siku hiyo hiyo.

- Mdomo umepinda ghafla, mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki. Hiki ni kiharusi, nacho ni dharura.

- Unazimia, au moyo unakwenda mbio usivyozoea.

- Choo ni cheusi kama lami, mkojo una damu, au fizi na pua vinatoka damu bila kukoma.

- Una homa isiyoisha.

Hii ya mwisho tuieleze zaidi, kwa sababu hupoteza watu wengi muda. Kijijini, homa mara nyingi huitwa malaria na mtu hununua dawa dukani. Kwa mwenye vali ya bandia, homa inaweza kuwa vijidudu vimekaa kwenye vali. Pima malaria, sawa, lakini mweleze mhudumu wa zahanati: "Nina vali ya bandia." Mwombe akupeleke mahali ambapo damu itachukuliwa ya kuotesha vijidudu kabla ya kuanza antibiotiki. Ukimeza vidonge kwanza, vijidudu vinaweza kujificha kwenye kipimo huku vikiendelea kuila vali.

Kuitunza vali ukiwa mbali na mji

Mengi yanayoamua kama utafunguliwa tena, na utafunguliwa ukiwa katika hali gani, hutokea nyumbani.

Usiache kliniki kwa sababu umepata nafuu. Kipimo cha eko kinaweza kuonyesha vali imeanza kuchakaa kabla hujahisi chochote. Ukijua mapema, unapata muda wa kutafuta fedha, kuandaa wachangiaji damu na kupanga nani atabaki na watoto.

Kama chanzo kilikuwa homa ya rumatiki, sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 huendelea hata baada ya upasuaji, kwa muda atakaosema daktari. Vali mpya haiondoi uwezekano wa homa ile kurudi na kushambulia vali zilizobaki. Ukiwa unatumia warfarini, mwambie muuguzi kabla hajakuchoma.

Kama unatumia warfarini, inywe saa ile ile kila siku na ujue kipimo chako cha INR. Kwa mtu asiyetumia dawa hii, INR huwa karibu 1. Kwa mwenye vali ya chuma, lengo mara nyingi ni kati ya 2 na 3, au 2.5 na 3.5, kulingana na vali ipi na hali yake. Ikishuka chini, damu inaweza kuganda kwenye vali. Ikipanda mno, unaweza kuvuja damu hata kichwani.

Dawa nyingi za dukani hugombana na warfarini. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu. Usitumie bila daktari kukuagiza. Metronidazoli na Septrin zinaweza kuipandisha INR. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, huishusha. Miti shamba nayo inaweza kupandisha au kushusha bila wewe kujua. Mboga za majani kama mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki si mwiko. Kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, ili INR isiyumbe.

Zipo dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji kipimo cha INR. Mwenye vali ya chuma asibadilishiwe kwenda dawa hizo, kwa sababu haziilindi vali ya namna hiyo vya kutosha.

Piga mswaki kila siku, na kabla ya kung'oa jino mwambie daktari wa meno kuhusu vali yako, ili akupe antibiotiki ya kinga.

Dada mwenye vali ya bandia anayetaka kupata ujauzito azungumze na daktari wa moyo kabla ya kubeba mimba. Katika ujauzito, damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu na moyo hubeba mzigo mkubwa. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa katika miezi 3 ya mwanzo, lakini kuiacha ghafla kunaweza kuiziba vali na kumuua mama. Njia ya katikati ipo, na inahitaji kupangwa na daktari.

Mwisho, piga picha kwa simu yako kadi ya vali na barua ya kuruhusiwa hospitali. Zinaonyesha aina ya vali, ukubwa wake, tarehe na jinsi upasuaji ulivyofanyika. Mtumie picha hizo na ndugu mmoja. Karatasi hulowa, hupotea au huungua, na daktari atakayekufungua mara ya pili anazihitaji sana.

Huduma inapatikana wapi?

Zamani Watanzania na Wakenya wengi walilazimika kwenda India na kwingineko kwa upasuaji wa moyo. Leo, Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, Dar es Salaam. Nchini Kenya, upasuaji wa kufungua moyo hufanyika katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Hospitali ya Tenwek huko Bomet. Uganda ina Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, Kampala, na Rwanda ina Hospitali ya King Faisal, Kigali.

Njia ya kufika huko ni rufaa kutoka hospitali ya wilaya au ya mkoa, au ya kaunti kwa Kenya. Kabla ya safari, uliza bima yako inalipia nini na kama kuna ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Upasuaji wa pili si wa kila hospitali inayofanya wa kwanza, kwa hiyo usishangae ukiambiwa uende kwingine.

Maswali ya kumuuliza daktari

Andika maswali haya, na uende na ndugu wa kukusikilizia:

- Kwa hali yangu, hatari ya kufunguliwa ni kiasi gani? Na nikisubiri miezi 6 je?

- Hospitali hii hufanya upasuaji wa marudio mara ngapi kwa mwaka?

- Nitafanyiwa kipimo cha CT kabla?

- Utaniwekea vali ya aina gani safari hii, na kwa nini?

- Ipo njia ya kupitia mshipa inayonifaa?

- Zinahitajika chupa ngapi za damu?

- Nitarudi shambani baada ya muda gani?

Tukirudi kwa yule mama wa mfano wetu, bado anatembea, anakula, na figo zake ni nzima. Huu ndio wakati ambao upasuaji wa pili una nafasi nzuri ya kufanikiwa. Familia ikitumia mwaka mzima kubishana na kujaribu dawa moja baada ya nyingine, atafunguliwa akiwa amelazwa kwenye oksijeni, au hatafika kabisa. Kikao cha nyumbani kina haki ya kuogopa na kuuliza. Lakini kiishie kwa kupanga tarehe ya kumwona daktari.

Makala haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayekutibu. Kama unamjua mtu kijijini kwenu aliyefanyiwa upasuaji wa moyo na ameacha kliniki, msomee au mtumie.